Dhiki ya jinsia: utafiti umefika wapi, na mzazi afanye nini

Katika mabaraza ya afya yanayofanyika mashinani, kuna maswali ambayo watu huuliza kwa sauti na mengine ambayo huyaandika kwenye kikaratasi na kumpa afisa wa afya mkutano ukishaisha. Swali la malaria, la chanjo au la SHA huulizwa hadharani. Swali la mvulana anayelia kila akiambiwa avae kama wavulana wenzake, au la binti wa darasa la saba anayeshikilia kwamba yeye si msichana na hajawahi kuwa, hilo huja kwa kikaratasi. Aliyeliandika mara nyingi ni mama, na ndani yake mna swali jingine ambalo hakuliandika: je, ni mimi niliyemharibu?

Makala haya yanaeleza yale ambayo watafiti wamegundua kufikia sasa kuhusu chanzo cha hali hiyo. Jibu fupi kwa swali la mama ni la, si wewe. Jibu refu linataka subira kidogo, kwa sababu sayansi yenyewe imekosea mara kadhaa njiani, na makosa hayo yanafundisha.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kwanza kuna huntha. Huyu ni mtu aliyezaliwa na kromosomu, homoni au viungo vya uzazi ambavyo havilingani moja kwa moja na vya mwanamume wala vya mwanamke. Ni jambo la mwili, na daktari anaweza kulipima. Sensa ya 2019 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwahesabu huntha nchini Kenya, nayo ilipata watu 1,524. Anayejua jinsi karani wa sensa anavyojibiwa mlangoni kuhusu mambo ya faragha ataelewa kwa nini si wote wanaoamini kwamba idadi hiyo imekamilika.

Pili kuna dhiki ya jinsia, ambayo wataalamu huiita disforia ya kijinsia. Hapa mwili wa mtu mara nyingi hauna tofauti yoyote inayoonekana, lakini yeye anahisi kwa nguvu na kwa muda mrefu kwamba jinsia aliyopewa alipozaliwa siyo yake, na hisia hiyo inamtesa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, ulianza kutumia jina hilo mwaka wa 2013. Unasema hali hiyo iwe imedumu kwa angalau miezi sita na iwe inamletea mtu mateso au kumvuruga katika maisha yake ya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha mpya ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, liliitoa hali ya kutolingana kwa jinsia katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kingono. Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba kinachotafutiwa nafuu ni ile dhiki.

Tatu ni suala la nani anampenda nani. Hilo ni jambo tofauti kabisa na halimo katika makala haya.

Tuongeze hapo hapo kwamba mvulana anayependa kupika, au msichana anayecheza kandanda na kukataa kusuka nywele, hana dhiki ya jinsia kwa sababu hiyo tu. Watoto hujaribu mambo mengi. Dalili ambazo daktari huzitazama ni mateso yasiyokoma, chuki dhidi ya viungo vya mwili wake mwenyewe, na msimamo usiobadilika mwezi baada ya mwezi.

Nadharia ya malezi na mtoto wa Winnipeg

Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kuchukua mtoto na kumlea katika jinsia isiyo yake ili aone kitakachotokea. Kwa hivyo mengi tunayoyajua yametokana na ajali na maumbile adimu.

Ajali iliyojulikana zaidi ilitokea Winnipeg, Canada. Mwaka wa 1965 walizaliwa mapacha wawili wa kiume wa kufanana. Mwaka uliofuata, mmoja wao alipopelekwa kutahiriwa, kifaa kilichotumika kiliuunguza uume wake ukaharibika kabisa. Wazazi waliochanganyikiwa walimwendea John Money, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Money aliamini kwamba mtoto huzaliwa bila mwelekeo wa jinsia na kwamba malezi ndiyo yanayoamua. Kwa ushauri wake mtoto alifanyiwa upasuaji, akapewa jina la kike na kulelewa kama msichana. Akaagiza asiambiwe ukweli kamwe.

Kwa miaka mingi kisa hicho kilitajwa katika vitabu kama ushahidi kwamba malezi yanatosha. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mtoto alizikataa nguo za kike, alichekwa shuleni, na alipofika utineja alikuwa amezama katika huzuni. Mwaka wa 1980 baba yake alimweleza yote. Mara moja aliamua kuishi kama mwanamume na kujiita David. Ulimwengu wa sayansi ulikuja kuelezwa ukweli huo mwaka wa 1997 tu, wakati mtafiti Milton Diamond na daktari Keith Sigmundson walipochapisha taarifa yake. David Reimer alifariki 2004 akiwa na umri wa miaka 38.

Wengi walisoma kisa hicho wakasema, basi, kila kitu kimo katika damu. Lakini mwaka wa 1998 madaktari wengine wa Canada walichapisha habari za mtoto wa pili wa kiume aliyepatwa na ajali kama hiyo akiwa na miezi miwili. Huyu alianza kulelewa kama msichana akiwa na miezi saba, mapema zaidi kuliko David, na alipohojiwa akiwa na umri wa miaka 26 alisema yeye ni mwanamke na hakuwa na shaka juu ya hilo. Ajali zilifanana na njia ya malezi ikafanana, ila waliofika mwisho wake hawakufanana.

Mwaka wa 2004 kundi kubwa kidogo lilichunguzwa Marekani. William Reiner na John Gearhart walifuatilia watoto 16 wenye kromosomu za kiume waliozaliwa na kasoro kubwa ya fumbatio na viungo vya uzazi. Kati yao, 14 walikuwa wamepewa jinsia ya kike punde tu baada ya kuzaliwa. Walipokua, 8 kati ya hao 14 walijitambulisha kama wavulana. Zaidi ya nusu, basi, lakini si wote.

Homoni tumboni

Kama malezi peke yake hayatoshi, je, homoni ambazo mtoto huzipata akiwa tumboni ndizo zinazoamua?

Katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, kulikuwa na familia ambamo baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na viungo vinavyofanana na vya kike. Miili yao ilikosa kimeng'enya kinachoibadilisha homoni ya kiume kuwa aina inayojenga uume mtoto akiwa tumboni. Walipobalehe, sauti zilikuwa nzito, misuli ikajaa na uume ukakua. Daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha mwaka wa 1979 habari za 18 kati yao waliokuwa wamelelewa kama wasichana bila shaka yoyote. Watu 17 kati ya hao 18 walibadilika wakajitambua kuwa wanaume. Watafiti hao walisema homoni zimeyashinda malezi. Wakosoaji walijibu kwamba kijijini hali hiyo ilikuwa inajulikana, ilikuwa hata na jina lake, na kwamba maisha ya mwanamume katika jamii ile yalikuwa na uhuru zaidi. Msomaji wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa sana hoja hiyo ya pili.

Upande wa pili kuna hali iitwayo kwa kifupi CAH. Tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutengeneza homoni fulani na badala yake hutoa homoni za kiume kwa wingi. Mtoto wa kike mwenye CAH anaweza kuzaliwa na viungo vinavyofanana na vya mvulana. Kama homoni za tumboni zingekuwa ndizo zinazoamua kila kitu, wengi wa mabinti hawa wangekua wakijiona wanaume. Lakini uchambuzi wa mwaka wa 2005 uliokusanya habari za watu 250 wenye kromosomu za kike na CAH, waliolelewa kama wasichana, ulipata kwamba 13 tu, yaani asilimia 5.2, walikuwa na dhiki kubwa kuhusu jinsia yao. Idadi hiyo ni kubwa kuliko katika jamii kwa jumla, kwa hivyo homoni zina sehemu yake. Hata hivyo karibu 95 kati ya kila 100 hawakuwa na tatizo hilo.

Tukomee hapa kidogo kwa sababu ya jambo la dharura. Aina kali ya CAH humfanya mtoto apoteze chumvi mwilini. Katika wiki chache za kwanza anaanza kutapika, ananyonya vibaya, anakauka maji, na asipotibiwa anaweza kufa. Dawa ipo na mtoto anayeitumia anaishi. Kwa hivyo, mtoto akizaliwa na viungo visivyoeleweka kama ni vya kike au vya kiume, iwe amezaliwa nyumbani au kituoni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mtoto anayeonekana kuwa mvulana lakini korodani zake zote mbili haziguswi anahitaji kupimwa mapema. Kumficha ili kuepuka maneno ya majirani kunaweza kumgharimu uhai wake.

Jeni na ubongo

Mwaka wa 2012 watafiti wa Ubelgiji walikusanya taarifa za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa na dhiki ya jinsia. Kati ya jozi 23 za mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, katika jozi 9 wote wawili walikuwa na hali hiyo. Kati ya jozi 21 za mapacha wasiofanana wa jinsia moja, hapakuwa na jozi hata moja ya namna hiyo. Hii ni dalili kwamba urithi unachangia. Lakini ni jozi chache, na visa vya ajabu huchapishwa kwa urahisi kuliko vya kawaida. Tena, katika jozi 14 za mapacha wa kufanana ni mmoja tu aliyeathirika ilhali mwenzake ana jeni hizo hizo. Hakuna jeni moja iliyopatikana ambayo mtu anaweza kupimwa akaambiwa ndiyo au la.

Kuhusu ubongo, mwaka wa 1995 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichunguza bongo za marehemu sita waliozaliwa wanaume na kuishi kama wanawake. Walisema sehemu moja ndogo sana ya bongo hizo ilikuwa na ukubwa kama wa wanawake. Habari hiyo ilienea duniani kote. Kilichoenea kidogo ni kwamba wote sita walikuwa wametumia homoni za kike, na kwamba mwaka wa 2002 ilibainika kuwa tofauti ya sehemu hiyo kati ya wanaume na wanawake huonekana wazi ukubwani tu, ilhali wengi wenye dhiki hii husema ilianza utotoni. Hadi leo hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachoweza kuthibitisha dhiki ya jinsia. Ukiuziwa kipimo cha namna hiyo, umetapeliwa.

Nafsi na jamii

Upande wa saikolojia kuna jambo moja ambalo limejitokeza tena na tena, nalo ni usonji. Utafiti wa mwaka wa 2020 uliotumia taarifa za zaidi ya watu 640,000 uligundua kwamba watu wasiojitambua kwa jinsia waliyopewa walipozaliwa walikuwa na uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kuwa na usonji. Haimaanishi kwamba usonji unasababisha dhiki ya jinsia wala kinyume chake. Unachomwambia daktari ni kwamba amtazame mtoto mzima: usonji, wasiwasi, huzuni, na kama amewahi kudhulumiwa. Kudhulumiwa si maelezo ya kila kisa, ila ni jambo ambalo haliwezi kurukwa.

Jamii nayo inaingia kwa njia mbili, na ni vyema zisichanganywe. Njia ya kwanza inahusu mateso, na hapa ushahidi ni mwingi. Tafiti nyingi, hasa za Marekani na Ulaya, zinaonyesha kwamba watu wenye dhiki ya jinsia hupatwa na huzuni kuu na mawazo ya kujiua zaidi ya wengine, na kwamba wale ambao familia zao huwasikiliza huumia kidogo kuliko wanaofukuzwa, wanaopigwa au kudhihakiwa. Hapa mzazi ana nguvu kubwa.

Njia ya pili inahusu chanzo chenyewe, na hapa wataalamu wanabishana vikali. Nchini Uingereza, watoto waliokuwa wakitumwa kliniki ya kitaifa ya jinsia walikuwa hawazidi takriban 50 kwa mwaka katika 2009. Kufikia 2021 hadi 2022 walizidi 5,000, na wengi wa hawa wapya walikuwa mabinti waliobalehe. Wengine wanasema ni kwa sababu aibu imepungua na watu wanajitokeza. Wengine wanataja mitandao ya kijamii, ushawishi wa marika na kuzorota kwa afya ya akili ya vijana. Daktari Hilary Cass, aliyekabidhiwa kuchunguza huduma hizo, alitoa ripoti yake Aprili 2024. Alisema hakuna maelezo mamoja yanayotosha, bali ni mwingiliano wa mambo ya mwili, nafsi na jamii, na kwamba ushahidi wa kutumia dawa za kusimamisha ubalehe na homoni kwa watoto ni dhaifu. Baadhi ya vyama vya madaktari, hasa Marekani, havikubaliani naye kuhusu matibabu.

Swali jingine linalowatia wazazi hofu ni kama hali hiyo hudumu. Tafiti za zamani za Canada na Uholanzi zilipata kwamba wengi wa watoto wadogo walioletwa kliniki hawakuendelea kuwa na dhiki hiyo baada ya kubalehe. Wakosoaji wanasema baadhi ya watoto hao hawakuwa na dhiki tangu mwanzo, walikuwa tu na tabia zisizotarajiwa za jinsia yao. Kwa wale ambao dhiki yao inazidi makali ubalehe unapoanza, uwezekano wa kuendelea ni mkubwa zaidi. Kwa mtoto wa miaka sita, basi, hakuna anayeweza kukuapia atakuwa nani akiwa na ishirini.

Hali ilivyo kisheria hapa Kenya

Mahakama zetu zimeshakutana na mambo haya. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha KCSE chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Desemba mwaka huo huo, katika kesi ya mtoto aliyetajwa kwa herufi A tu, ambaye kwenye hati za hospitali sehemu ya jinsia iliwekwa alama ya kuuliza, Mahakama Kuu ilimtaka Mwanasheria Mkuu aeleze hatua za kuwatambua na kuwalinda watoto huntha. Jopokazi la kitaifa liliundwa 2017.

Sheria ya Watoto ya 2022 ilikwenda mbali zaidi. Inamtambua mtoto huntha kwa jina, inataka asajiliwe ipasavyo anapozaliwa, na inakataza kubadilishwa au kuondolewa kwa viungo vyake isipokuwa kwa ushauri wa daktari bingwa wa jeni. Ukikumbuka habari za Winnipeg na za wale watoto 14, utaona kwa nini sheria haitaki kisu kiwe na haraka.

Mzazi afanye nini

Akikuambia, msikilize hadi mwisho kabla ya kujibu. Huhitaji kukubali wala kukataa siku hiyo. Muulize imeanza lini, nini kinamuumiza zaidi, na kama kuna mtu amemtendea vibaya. Muulize pia, waziwazi, kama amewahi kufikiria kujiumiza. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Usimchape, usimnyoe kwa nguvu, usimwoze mapema ili arekebike. Hakuna ushahidi kwamba mambo hayo hubadilisha anavyojihisi, na upo ushahidi kwamba shinikizo la kumbadilisha mtu linaandamana na huzuni zaidi na majaribio zaidi ya kujiua. Anayetaka kumwombea mtoto wake na amwombee. Atakayetaka kumfungia ndani siku saba bila chakula kwa ajili ya kumtoa pepo, hilo ni kosa la jinai.

Usinunue homoni dukani wala kwa anayeuza mtandaoni, na ukigundua kijana wako anazitumia, usimfokee. Mpeleke apimwe, kwa sababu zinaweza kugandisha damu au kuharibu ini.

Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza kwa afisa wa kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu. Si lazima umweleze yote. Inatosha kusema unahitaji kumwona mtaalamu wa afya ya akili kwa ajili ya mtoto. Kutoka kituoni utapewa barua ya rufaa hadi hospitali kubwa, na kwa mtoto ambaye mwili wake wenyewe una utata, daktari wa homoni za watoto atahusishwa. Mhudumu wa afya hana ruhusa ya kutoboa siri ya mgonjwa, na ukiona imetobolewa una haki ya kulalamika kwa msimamizi wa hospitali.

Mtoto akiwa hatarini usiku, au akitaka kuzungumza na mtu asiyemjua, nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, saa 24. Mwalimu au jirani anaweza kuipiga pia.